Heri Akae Ndani? Jibu kwa Msomaji Ambaye Ndugu Yake Mgonjwa wa Akili Yuko Rumande

Msomaji mmoja wa Pwani ya Kenya ametuandikia kuhusu mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka 29 ambaye aliambiwa ana skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo, tangu alipokuwa kidato cha nne. Kwa miaka kadhaa alidungwa sindano kila mwezi na akawa anabeba mizigo sokoni kama vijana wenzake, mpaka dawa ilipokosekana katika hospitali anakotibiwa, na familia haikuwa na nauli ya kuifuata mbali. Tangu hapo amekamatwa mara tatu. Safari hii alivunja kioo cha duka la jirani akidai kwamba redio iliyomo ndani inamtaja kwa jina. Ameshtakiwa kwa kuharibu mali, hakimu ameagiza apimwe akili, na sasa ni wiki ya sita yuko rumande. Dada yake anauliza: "Mama anasema heri akae huko huko, angalau anakula na sisi tunalala. Je, tunakosea? Na hizi habari za kwamba maradhi ya akili yasifanywe uhalifu zitamfaa nini mtu kama ndugu yangu, ambaye kioo amekivunja kweli?"

Dada, nianze na mama yenu, kwa sababu maneno yake nimeyasikia kwa wazazi wengi katika kazi yangu ya udaktari wa magonjwa ya akili, na hakuna hata mmoja wao niliyemwona kuwa hana huruma. Mama anayesema heri mwanawe akae ndani ni mama aliyekesha akisikiliza nyayo uani, aliyeficha visu vya jikoni chini ya godoro, na ambaye kila alipopiga kelele za kuomba msaada waliofika walikuwa ama polisi ama vijana wenye kamba. Hakosei kutaka kulala. Kinachokosewa ni kudhani kwamba rumande inamtunza mwanawe.

Gereza la rumande lina zahanati, na wauguzi wake wengi hujitahidi, lakini ni zahanati iliyozoea kifua kikuu, malaria, upele na majeraha, na mahabusu anayefikishwa mbele yao ni yule anayelalamika. Mgonjwa wa skizofrenia aliyezidiwa mara nyingi halalamiki. Hujikunyata pembeni, hukataa chakula kwa kuamini kwamba kimetiwa sumu, na wenzake hukigawana. Kwa hiyo hata hilo la kwamba anakula ningewaomba mlihakikishe kwa macho siku ya kumtembelea: mtazameni mabega na shingo kama amekonda, mwulizeni amelala saa ngapi usiku wa jana, kisha mwulizeni muuguzi jina la dawa anayompa. Msiulize tu kama anapewa dawa, kwa sababu swali hilo hujibiwa ndiyo kila mara.

Sasa niingie katika swali lako la pili, ambalo limegusa mahali ambapo wengi wetu tunaopigania mageuzi hupenda kupita haraka. Tunaposema maradhi ya akili yasifanywe uhalifu, mfano tunaoutoa kwanza huwa ni ule ambao dalili yenyewe ndiyo kosa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa mfano, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Kwa sababu yake familia zilifika hospitalini na kijana aliyekunywa sumu ya panya, zikaapa kwamba alidhani ni dawa ya kikohozi, na daktari akatibu tumbo, akamruhusu arudi nyumbani kwenye huzuni ile ile. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi katika kesi ambayo walalamikaji wake walikuwa pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Vivyo hivyo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni yake mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zile zinazomruhusu askari kumkamata mtu kwa kuwa tu hana makao wala kazi inayoonekana, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ukitembea katika mji wowote wa Afrika Mashariki utaona ni nani hasa hukamatwa kwa sheria hizo: ni yule mwenye nguo zilizochakaa anayezungumza peke yake karibu na stendi.

Hayo ni mafanikio, na siyadharau. Lakini ndugu yako hakukamatwa kwa kuzurura wala kwa kutaka kujiua. Kioo kimevunjika, mwenye duka amepata hasara, na kosa la kuharibu mali halitafutwa katika vitabu vya sheria, wala halipaswi kufutwa. Hata sheria zote za uzururaji zikiondolewa kesho, yeye angekuwa pale pale alipo. Kwa watu kama yeye, kuondoa uhalifu katika maradhi kunategemea zaidi kile kilichotakiwa kutokea miezi kadhaa kabla ya kioo kuvunjika, na kile kinachoweza kutokea sasa mahakamani iwapo nje kuna mahali pa kumpeleka.

Nieleze kwanza kinachoendelea mahakamani, maana familia nyingi hukipata kwa vipande vipande kutoka kwa askari wa mlangoni. Hakimu anapoagiza mshtakiwa apimwe akili, daktari huwa na maswali mawili yasiyofanana, na ni muhimu msiyachanganye. La kwanza ni la leo: je, mtu huyu anaelewa ameshtakiwa nini, anaweza kufuatilia ushahidi na kumweleza wakili wake upande wake? La pili ni la siku ile ya tukio: alipotenda alichotenda, je, maradhi yalikuwa yamemwondolea uwezo wa kujua anachofanya au kujua kwamba ni kosa? Mtu anaweza kuwa mgonjwa sana siku ya tukio na leo akawa mzima wa kutosha kujitetea, na kinyume chake pia hutokea, hasa akikaa wiki nyingi rumande bila dawa.

Nimewahi kumpima kijana mmoja katika chumba kidogo nyuma ya mahakama, pingu zikiwa bado mkononi kwa sababu askari alikuwa amesahau ufunguo. Nilimwuliza hakimu ni nani. Akajibu vizuri kabisa: ni yule anayeamua kama nimekosa. Nikamwuliza kiongozi wa mashtaka ni nani, akajibu kwamba ni yule anayenisemea mabaya. Nilipomwuliza wakili wake atamwambia nini, alininong'oneza kwamba hana haja ya kusema lolote kwa kuwa wakili husikia mawazo yake kabla hajayasema. Kwa majibu mawili ya kwanza angeonekana mzima. La tatu ndilo lililoonyesha kwamba hawezi bado kujitetea. Ripoti iliyoandikwa kwa dakika tano, kama nyingi zinavyoandikwa, ingeishia kwenye la pili.

Daktari akisema kwamba mshtakiwa hawezi kujitetea kwa sasa, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 162, inamtaka hakimu aahirishe kesi. Hapo ndipo ningependa usome kwa makini, kwa sababu watu wengi, mawakili wakiwamo, hufikiri kwamba baada ya hapo njia ni moja tu, ya kuzuiliwa mpaka amri itoke juu. Sivyo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba ikiwa kosa lenyewe ni la kudhaminika, mahakama inaweza kumwachilia mshtakiwa kwa sharti kwamba itolewe dhamana ya kutosha ya kwamba atatunzwa ipasavyo na kuzuiwa asijidhuru wala asimdhuru mwingine, na kwamba ataletwa mahakamani atakapohitajika. Kuharibu mali ni kosa la kudhaminika. Ndugu yako, kwa sheria iliyopo leo bila kubadilishwa hata nukta, anaweza kutoka rumande akatibiwe.

Mbona basi hawatoki? Kwa sababu hakimu, akiwa mtu mwenye busara, atauliza: atatunzwa na nani, dawa ataipata wapi, na akizidiwa usiku mtamwita nani? Mwenye duka naye yuko mahakamani anasikiliza. Familia ikijibu kwamba hospitali iliyo karibu haina dawa, na kwamba yenye dawa iko mbali na nauli hatuna, hakimu anabaki na amri moja tu ya kutia sahihi. Nimeona mahakimu wakitia sahihi hiyo kwa moyo mzito. Mlango wa sheria umekuwa wazi tangu enzi za ukoloni, lakini nje yake hakuna pa kukanyaga. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndiyo maana huwa sishangilii sana kila mswada mpya unapotangazwa.

Mtu asipotoka kupitia mlango huo, yanayofuata yanaweza kuwa marefu kupita kosa lenyewe. Kesi ikisikilizwa na ikathibitika kwamba alitenda tendo lile akiwa hana akili timamu, kifungu cha 166 cha sheria hiyo hiyo kinaitaka mahakama itamke kwamba ana hatia ya tendo lakini alikuwa mwendawazimu, kisha azuiliwe kwa muda usiojulikana akingoja amri ya Rais. Kwa maandishi ya sheria hiyo, ripoti ya kwanza kuhusu hali yake hutakiwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Linganisha na mtu aliyevunja kioo akiwa na akili zake: kwa kioo cha duka angetozwa faini, alipe, aende nyumbani jioni. Mawakili wanalijua hili, na wengine huwashauri wateja wagonjwa wakiri kosa na wanyamaze kuhusu maradhi. Sheria inapomfanya mgonjwa aone afadhali aitwe mhalifu kuliko aitwe mgonjwa, ujue imekwenda kombo.

Fomula hiyo ya hatia pamoja na wendawazimu ina kisa chake. Mwaka 1882 mtu mmoja aliyeitwa Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria katika kituo cha treni cha Windsor, akamkosa. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, na Malkia hakupendezwa kusikia kwamba mtu aliyemlenga risasi hana hatia. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likabadili maneno ya hukumu yakawa "ana hatia, ila mwendawazimu", na maneno hayo yakasafiri na sheria za kikoloni hadi kwetu. Uingereza yenyewe iliyaacha mwaka 1964, miezi michache baada ya Kenya kujitawala. Sisi tumebaki nayo. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu ya Kenya, tangu katikati ya miaka ya 2010, wameamua kwamba kuzuiliwa bila kikomo kwa kutegemea amri ya Rais kunavunja Katiba, na kwamba ni mahakama inayopaswa kuweka muda na kuupitia upya. Uganda nayo, katika mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ilizifuta sehemu za sheria zake zilizowahusu wagonjwa wa akili, pamoja na maneno ya matusi yaliyotumika kuwaita. Wakili wenu, mkimpata, anapaswa kuwa amezisoma hukumu za Kenya za aina hiyo kabla hajasimama.

Nirudi nje ya mahakama, maana huko ndiko liliko jambo lenyewe. Umeandika kwamba ndugu yako alikuwa mzima wa kufanya kazi mpaka sindano ilipokosekana. Sindano hiyo, ikiwa ni ile ninayoidhania, ni flufenazini inayodungwa kwenye tako kila baada ya wiki tatu au nne. Si dawa ya ajabu wala ya kisasa. Flufenazini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza kabisa ya mwaka 1977, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu tulizo nazo. Ina madhara yake: misuli hukakamaa, mikono hutetemeka, mtu hawezi kutulia mahali pamoja, na ni lazima muuguzi aulize kuhusu hayo kila mara na kutoa vidonge vya kuyapunguza, la sivyo mgonjwa ataikimbia na atakuwa na haki ya kuikimbia. Hata hivyo kazi ya kudunga, kuuliza maswali manne au matano na kuandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, inaweza kufanywa na muuguzi wa zahanati ya kata. Haihitaji mtu kama mimi. Haihitaji Mathari, hospitali kuu ya akili ya Nairobi.

Mathari ni mfano mzuri wa jinsi tulivyojengewa mfumo huu. Pale Nairobi palianzia kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 pakafanywa hospitali ya vichaa ya serikali ya kikoloni. Mpaka leo wadi yake ya ulinzi mkali ndiyo tegemeo la mahakama za nchi nzima. Mgonjwa wa Lamu, wa Turkana au wa Migori hupelekwa huko, mamia ya kilomita kutoka kwa watu wanaomjua, hupata nafuu, kisha hurudishwa kijijini ambako dawa iliyompa nafuu haipo. Miezi minne baadaye polisi wanamleta tena, na kila mtu anasema ugonjwa huu hauponi.

Haya si ya Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema serikali za dunia kwa wastani hutenga karibu asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili, na sehemu kubwa ya hicho kidogo huishia katika hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Wala kufunga hospitali hizo peke yake si jawabu, kama Marekani inavyotufundisha. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya huko zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Mwezi Oktoba 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili wagonjwa waondolewe kwenye majengo hayo makubwa, na wagonjwa wakaondolewa kweli kweli, kwa maelfu. Vituo vilivyojengwa havikufika idadi iliyokusudiwa, na fedha za kuviendesha zikakatika. Leo magereza ya miji kama Los Angeles na Chicago hutajwa kuwa miongoni mwa mahali penye wagonjwa wengi zaidi wa akili nchini humo. Waliotolewa hospitalini bila kuandaliwa pa kwenda waliishia seli. Mji wa Trieste huko Italia ulikwenda kinyume: daktari wa magonjwa ya akili Franco Basaglia alipoanza kazi huko mwaka 1971, vituo vya mitaani vilifunguliwa huku hospitali ikipunguzwa wadi baada ya wadi, ili mgonjwa anayetoka awe na mlango wa karibu wa kubisha, hata usiku.

Usije ukadhani ninakuambia mambo ya Ulaya tu. Kwetu Makueni, wataalamu wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwaweka pamoja wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wakawafundisha kuzitambua dalili na kuwaelekeza watu zahanati, na huko zahanati wauguzi na maofisa wa kliniki wakafundishwa kutibu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kilichonivutia ni kwamba mganga hakutukanwa. Huku kwenu Pwani, familia nyingi hupita kwa mganga au kwa shehe kabla ya kufika kwetu, na mtu aliyekunywa kombe asubuhi anaweza kudungwa sindano mchana bila ya kimoja kukigombeza kingine. Ninachokataa, popote kinapofanyika, ni minyororo, kumnyima mtu chakula, na kumzuia asitumie dawa.

Najua jirani yenu atasema ni bangi na muguka tu, yale majani ya kutafuna. Huenda anavuta kweli. Vitu hivyo humzidishia hali, na daktari wake anapaswa kujua bila ya nyinyi kuona haya. Lakini skizofrenia iliyoonekana kidato cha nne na kutulia kwa sindano haikuletwa na muguka wa mwaka huu. Vilevile mtasikia kwamba watu hawa ni hatari. Wengi wao hawamdhuru yeyote, na hupigwa na kuibiwa kuliko wanavyopiga. Hatari inayokuwapo huongezeka pale dawa inapokatika na ulevi unapoingia, yaani pale ambapo huduma imeshindwa, na mwenye duka ana haki ya kukasirikia hilo pamoja nanyi.

Kwa siku ya kesi inayokuja, ningefanya hivi. Kwanza ningepata nakala ya historia yake ya matibabu: kadi ya kliniki, hata kama imechakaa, inayoonyesha tarehe za sindano na mahali zilipokatika. Hicho ni kielelezo chenye nguvu kuliko maneno yote ya familia, kwa kuwa kinamwonyesha hakimu mtu aliyetulia kwa miaka, kisha dawa ikakosekana, kisha kioo kikavunjika. Kisha ningekwenda kwa mwenye duka kabla ya siku hiyo, nikiwa na mzee wa mtaa, kuzungumza juu ya gharama ya kioo. Katiba, ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na kwa kosa dogo la aina hii mlalamishi aliyelipwa na kuridhika anaweza kuufanya upande wa mashtaka uiondoe kesi. Msikwende kumwomba asamehe tu. Kwendeni na pendekezo la malipo, hata ya awamu, na mumweleze mmepanga nini ili lisirudie.

Hapo ndipo lile swali la hakimu linapohitaji jibu la maandishi. Tafuteni muuguzi au ofisa wa kliniki atakayekubali kwa barua kumpokea ndugu yako, akitaja siku ya sindano ya kwanza. Tajeni jina la mtu mzima mmoja, si "familia" kwa jumla, atakayempeleka kliniki. Na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliosambazwa nchini kote tangu 2023, aombwe apite nyumbani. Andikeni pia dalili zinazoonya kwamba anaanza kuzidiwa. Kila mgonjwa ana zake. Kwa wengi ni kukosa usingizi siku mbili mfululizo, kuzima redio na kufunika vioo, au kuanza kugawa nguo zake. Dalili hizo zikionekana, mnakwenda zahanati siku hiyo hiyo, kabla ya mambo kufika kwenye kamba na kelele.

Na mkilazimika kumwita polisi, kwa sababu kuna usiku ambao hakuna mwingine atakayekuja, mwambieni neno moja mapema: huyu ni mgonjwa, tunaomba apelekwe hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliwapa maofisa wa polisi, machifu na manaibu wao uwezo wa kumchukua mtu wanayeamini ana maradhi ya akili, na ikawataka wamfikishe hospitali ndani ya saa 24 au kwa muda mfupi unaofaa. Haikuwataka wamfungulie mashtaka. Ofisa wa zamu huenda hajapata kuambiwa hivyo, na msimlaumu sana. Hafundishwi kazi hii, gari la kituo halina mafuta, na hospitali nyingi humrudisha mgonjwa kwa kukosa kitanda. Ombeni liandikwe katika kitabu cha matukio kwamba mlileta mgonjwa na si mshukiwa, na mtoke na namba ya OB.

Mabadiliko ya sheria hiyo yaliyopitishwa mwaka 2022 yameziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili karibu na watu, na afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Wajibu huo usipoandikwa katika bajeti hauna maana. Kila mwaka, kabla ya makadirio kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kaunti inapaswa kuitisha vikao vya kuwasikiliza wananchi, na katika vikao nilivyohudhuria watu husimama kuomba barabara, visima na madarasa, hayupo anayesimama kuomba dawa ya akili kwa sababu kusimama ni kukiri kwamba kwenu yumo mgonjwa. Nendeni wawili au watatu kutoka familia tofauti, ili aibu isimwangukie mtu mmoja. Mwulizeni ofisa wa afya wa kaunti, mwakilishi wa wadi akisikia: katika oda ya dawa ya robo mwaka iliyopita, flufenazini ya sindano iliagizwa chupa ngapi, zilifika ngapi, na ziligawiwa zahanati zipi? Ombeni jibu kwa maandishi, na nakala yake mmpe wakili aiambatanishe na ombi la dhamana.